Nani Alimvika Liyongo Chuma?

Kabla sijafika mbali nataka kukiri kosa langu. Mwaka jana, Chama chetu cha Kiswahili kilipoigiza kisa cha Fumo Liyongo mbele ya wazazi, mimi ndiye niliyetengeneza mavazi ya vita ya shujaa. Nilichukua madebe matatu ya mafuta ya kupikia, nikayapasua kwa mkasi wa bati wa mjomba, nikayanyoosha kwa nyundo, nikayatoboa kwa msumari na kuyaunga kwa waya. Nilifanya kifua, mgongo, mabega mawili yenye pembe kama za nyati, na chapeo yenye kifuniko cha uso. Mfano niliutoa kwenye jalada la kitabu kimoja cha hadithi cha Kizungu, na mwingine kwenye simu ya kaka yangu. Nyumbani niliposema kwamba nashughulika na deraa, mama mdogo aliniuliza nimenunua kitambaa mita ngapi. Kumbe yeye alisikia dera! Laiti ningemsikiliza nikashona dera kweli.

Siku ikafika. Mwenzetu aliyecheza Liyongo alipotokeza nyuma ya pazia la leso, akimetameta kama paa jipya, makofi yalilia ukumbi mzima. Nikavimba kichwa. Lakini mambo yalianza kuharibika pale mwana wa Liyongo alipomnyemelea babake usingizini ili amdunge sindano ya shaba kitovuni. Kitovu chenyewe kiko wapi? Kiko ndani ya bati. Maskini, yule kijana ilibidi afunue lile bati kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayechungulia wali kama umeiva, ndipo adunge kwa mkono wa kulia. Watu wakaanza kucheka. Halafu Liyongo akainuka aende kisimani. Wote mnajua mwisho wa kisa: shujaa anapiga goti, anatia mshale kwenye uta, anauvuta, na roho inamtoka akiwa vivyo hivyo, hata watu wa mji waogope kuteka maji wakidhani yu hai. Wetu alipopiga goti bati lilimchoma mapajani. Alipovuta uta, pembe za mabegani ziligonga chapeo, kifuniko kikashuka machoni, akapepesuka na kuanguka chali kama kobe. Hakuweza kuinuka mpaka tukamshika mikono wawili.

Mzee mmoja aliyekuwa safu ya mbele akangoja kicheko kitulie, kisha akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Wanangu, huyu ni Liyongo ama ni Mreno?"

Swali hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Likizo nzima nimeuliza walimu, nimesoma nilivyoweza kusoma, na tulipokwenda ziara ya Fort Jesus nilikuwa wa mwisho kutoka. Haya ninayoyaandika ndiyo majibu yangu kwa mzee yule.

Kwanza tufahamiane kuhusu vazi lenyewe, maana sisi tunasema "mavazi ya chuma" kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja. Deraa, ambayo katika Biblia yetu huitwa dirii, kwa asili ni vazi la pete. Fundi huchukua waya wa chuma, huukata vipande, hukunja kila kipande kuwa pete ndogo, na kila pete huipitisha ndani ya pete nyingine nne, kisha huifunga kwa kijisumari kidogo. Shati moja lina pete maelfu kwa maelfu. Likikamilika hulainika kama wavu wa kuvulia, na uzito wake hufika kilo kumi hivi, yaani pakiti tano za unga wa sima za kilo mbili mbili. Upanga ukilikata hauingii. Lakini rungu likikupiga mfupa huvunjika ndani kwa ndani, na mshale wenye ncha nyembamba ukirushwa kwa nguvu waweza kupasua pete na kupita. Kwa hiyo chini yake lazima uvae koti zito lililojazwa pamba. Wachoraji wengi hulisahau koti hili. Huchora chuma juu ya ngozi tupu, na mimi pia nilimvisha mwenzetu bati juu ya fulana, akatoka na michubuko ambayo mamake alikuja kuniuliza.

Vazi la pili ni la mabamba. Hapa mwili mzima hufunikwa kwa vipande vya chuma vilivyofuliwa kufuata kifua, mkono, goti, hata vidole. Hilo ndilo lililoko kwenye majalada. Watu husema eti aliyelivaa hakuweza kutembea, na kwamba alipandishwa juu ya farasi kwa winchi. Katika filamu ya Henry V ya mwaka 1944 wameonyesha hivyo hasa. Si kweli. Vazi kamili la vita lilikuwa na kilo kati ya 15 na 25. Mtungi wa maji wa lita ishirini ni kilo ishirini, na dada zetu hapa huuchukua kichwani kutoka kwenye bomba hadi nyumbani huku wakipiga soga. Tena mtungi ni mzigo wa mahali pamoja, ilhali vazi la mabamba uzito wake umegawanywa mwili mzima. Aliyelizoea alipiga goti, alikimbia, alipanda farasi mwenyewe. Siri iko kwenye maungio: pale kiunoni, gotini na begani fundi hakuweka bamba moja, aliweka vipande vyembamba vinavyolaliana kama magamba ya samaki, vikiteleza kimoja juu ya kingine. Mimi nilikata bati moja toka shingoni hadi mapajani. Sasa mnajua kwa nini Liyongo wetu alianguka chali.

Na zile pembe za mabegani? Hakuna fundi wa vita aliyetaka kuweka pembe begani. Kazi ya chuma ni kuufanya upanga uteleze uende zake nje. Ukiweka pembe, upanga unaoteleza hunaswa pale na kuelekezwa shingoni. Ni sawa na kumchongea adui njia. Vilevile chapeo zenye pembe wanazovishwa Waviking katika vitabu. Pembe hizo zilipata umaarufu kwa sababu ya maonyesho ya muziki wa Wagner nchini Ujerumani mwaka 1876, ambako mshona mavazi ya jukwaani aliona zitapendeza. Chapeo ya kweli ya Waviking iliyochimbuliwa Gjermundbu, Norwe, mwaka 1943 haina pembe hata moja. Nilifarijika kidogo kujua kwamba hata Wajerumani waliharibiwa historia na mshona mavazi wa tamthilia kama mimi.

Sasa tuje kwenye tarehe, maana hapo ndipo kosa langu lilipozidi. Wataalamu hawajaafikiana Liyongo aliishi karne gani. Wako wanaomrudisha nyuma sana, na wako wanaomsogeza karibu, ila wengi humweka kabla ya Wareno kufika. Vazi kamili la mabamba kutoka kichwani hadi miguuni lilikamilika Ulaya kwenye miaka ya 1400. Ukimweka Liyongo karne ya 13 au ya 14, kama wafanyavyo wengi, basi nilimvika nguo ambayo hata Mzungu wa wakati wake hakuwa nayo. Ni kama kumchora Vasco da Gama akishuka Malindi kwa pikipiki.

Mwalimu wetu wa historia alinichekesha aliponieleza kwamba Wazungu wenyewe wamejifanyia kosa hilohilo. Mfalme Arthur wao, kama aliishi, aliishi karne ya 5 au ya 6. Kitabu mashuhuri cha visa vyake kilichoandikwa na Malory kilipigwa chapa mwaka 1485, wakati mabwana wa vita walikuwa wamevaa mabamba, na tangu hapo wachoraji wengi humvisha Arthur mabamba. Miaka elfu moja imerukwa kama mtaro! Kuna pia Biblia moja ya picha iliyochorwa Ufaransa katikati ya karne ya 13, ambamo Mfalme Sauli na watu wake wanapigana wakiwa na deraa za pete na chapeo za Kifaransa. Mchoraji yule hakuwahi kuona vita vya Wayahudi wa kale. Aliona vita vya mtaani kwake akavichora. Leo wanaochunguza silaha za karne ya 13 huitegemea sana Biblia hiyo, si kwa habari za Sauli bali kwa habari za Ufaransa. Nikajiuliza: mtu akiipata picha ya igizo letu miaka mia saba ijayo, atajifunza nini juu ya Liyongo? Hakuna. Atajifunza kwamba watoto wa Magarini walikuwa na madebe ya mafuta na simu zenye picha za kigeni.

Haya, kama si mabamba, watu wa pwani yetu walivaa nini wakienda vitani? Hapa tuna bahati, kwa sababu wageni waliokuja kutupiga waliandika walichokiona. Mwaka 1505 manowari za Kireno chini ya Francisco de Almeida zilishambulia Kilwa, kisha zikaja kuteketeza Mombasa. Ndani ya msafara huo alikuwako Mjerumani mmoja, Hans Mayr, na habari zake zimebaki. Anasema watu wa Kilwa walikuwa na nyuta na mishale mikubwa, mikuki mizuri, na ngao imara zilizotengenezwa kwa makuti na kufungwa kwa pamba. Panga alizoziona zilikuwa chache. Msomaji, soma tena hapo: ngao za makuti! Yale yale tunayoezekea, yale yale bibi zetu wanayosukia. Ningetumia makuti nisingekatwa kidole na bati.

Na aliye mkuu alijipamba kwa nini? Si kwa chuma. Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498, mtu wa meli zake aliandika jinsi mfalme wa Malindi alivyokuja kukutana nao baharini. Alivaa joho la hariri nzito lenye mapambo ya satini ya kijani, na kilemba cha fahari. Aliketi juu ya viti vya shaba vyenye mito, chini ya mwavuli wa satini nyekundu. Kando yake mzee mmoja alimshikia upanga mfupi wenye ala ya fedha, na wapigaji walipuliza siwa mbili za pembe za ndovu zenye urefu wa mtu. Hebu chora hiyo! Mchoraji gani angetamani debe la mafuta akiwa na siwa, hariri na mwavuli mwekundu?

Hapa mwanafunzi mwerevu atasema: hawakuvaa chuma kwa kuwa hawakuwa nacho. Hapana, bwana. Al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiarabu aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, anaitaja Malindi kuwa mji wenye machimbo ya chuma, na kwamba biashara ya chuma ndiyo iliyowapa faida kubwa zaidi. Mafundi nao walikuwako. Siyu, kule kisiwani Pate, ilisifika kwa wafua panga na majambia. Chuma kilikuwako, moto ulikuwako, mkono wa fundi ulikuwako.

Basi ni joto? Mimi nilifikiri hivyo kwanza, kwa sababu mwenzetu alitoka jukwaani akichuruzika jasho. Lakini Arabuni kuna joto kuliko huku na deraa walivaa. Katika Qurani, Nabii Daudi ndiye aliyefundishwa kutengeneza deraa, na tenzi zetu za kale zinazosimulia vita vya huko, kama ule wa Tambuka uliotungwa na Mwengo bin Athumani wa Pate mwaka 1728, zinahusu nchi ambazo deraa ni kitu cha nyumbani. Kwa hiyo mchoraji akiwavika deraa ya pete mashujaa wa tenzi hizo hajakosea, mradi isiwe ya mabamba.

Jawabu nililolikubali mimi ni farasi. Tazama ramani ya mahali ambapo watu walivaa deraa: Ulaya, Arabuni, Uajemi, Bara Hindi. Zote ni nchi za farasi. Hata Afrika yetu msidhani haikuwa na mavazi ya vita. Wapanda farasi wa Borno, Darfur na Sudani walivaa deraa za pete, na wengine walivaa majoho mazito yaliyojazwa pamba au sufi, na farasi wao pia wakavishwa. Vita vya Omdurman vya mwaka 1898 vilipokwisha, Waingereza walichukua baadhi ya mavazi hayo, na vazi moja la farasi lililojazwa sufi liko katika jumba lao la makumbusho huko London. Sufi hii hii ya mito ya kulalia! Mtu anayepigana juu ya farasi hubebewa uzito wake, na yuko juu ambapo kila mtu anamlenga. Lakini pwani yetu na misitu yake ilikuwa na mbung'o, na mbung'o akimuuma farasi hana maisha. Wapiganaji wetu walikwenda kwa miguu na kwa mashua. Mtu wa kwenda kwa miguu kutoka hapa hadi Mto Tana katika mchanga, akipita vichakani, anataka wepesi. Na mtu wa mashua akianguka majini na kilo kumi za chuma, tutamsomea hitma.

Halafu kuna kutu. Sisi tunaokaa karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Kurawa tunajua bati hudumu muda gani. Huko Ulaya walikuwa wakiziviringisha deraa ndani ya pipa lenye mchanga na siki ili kutoa kutu. Fikiria kazi hiyo Ngomeni, kila wiki.

Kilichobaki kuwa kinga kwetu ni ngao, na kinga nyingine ni kuwa mbali. Mwenye uta hataki kufikiwa. Na uta wa huku ulikuwa na msaada wa sumu, ile ambayo Wagiriama huiita utsungu, itokanayo na mti unaochemshwa mpaka utomvu wake uwe mweusi na mzito. Sumu hiyo husimamisha moyo. Mwenye mshale wa namna hiyo hana haja ya kulenga kifua. Mkwaruzo wa mkono watosha. Kwa hiyo chuma cha kifua hakimtishi sana kama tunavyofikiri. Yule Almeida aliyeichoma Mombasa aliuawa mwaka 1510 karibu na ncha ya kusini ya Afrika, na waliomuua ni Wakhoikhoi, watu wa mikuki na mawe wasio na chapeo hata moja.

Nilipowasomea wenzangu haya chamani, mmoja akasimama akanipinga, na hoja yake ilikuwa nzuri. Akasema: "Wewe unatuchosha na tarehe. Liyongo kwenye hadithi ni jitu. Mkoba wake una kinu na mchi ndani. Kama tunakubali hayo, mbona tusikubali bati?" Wengi wakapiga meza kumuunga mkono. Nilikaa usiku mzima nikitafuta la kujibu, na nadhani nimelipata, ingawa yeye bado hajakubali.

Hadithi ya ajabu ina sheria zake, na wa kwanza kuzitii ni msimulizi. Sheria ya Liyongo ni kwamba hakuna silaha inayomuua, isipokuwa sindano ya shaba ikidungwa kitovuni. Ndiyo siri ambayo mwanawe anatumwa kuichimba. Mwili wenyewe ndio deraa! Sasa ukimvika chuma umesema nini? Umesema kwamba panga zinaweza kumwumiza, ndiyo maana anajikinga. Umeiua siri kabla mwana hajaiuliza. Tena kumbuka siku ile ya kula kikoa cha makoma, maadui walipopanga kumpiga mishale zamu yake ya kupanda mkoma itakapofika. Yeye hakupanda. Alisimama chini akayaangusha makoma kwa mishale. Mtu wa chuma angepanda tu, bila wasiwasi. Kisa chote kinasimama juu ya mtu aliye wazi kifua, mwenye macho makali na uta. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyetunga utendi wake mwaka 1913, alikuwa pia mwandishi wa hati nzuri na mchonga mbao. Angetaka kumpamba kwa chuma, asingekosa mkono wa kufanya hivyo.

Hata Mwingereza Tolkien, ambaye vitabu vyake vya The Lord of the Rings vilitoka mwaka 1954 na 1955 na ni vya kubuni tangu mwanzo hadi mwisho, alikuwa mwangalifu. Wapiganaji wake karibu wote wanavaa deraa za pete. Frodo anapopigwa mkuki deraa yake inamwokoa, lakini anabaki na jeraha la kuvilia damu, kama ambavyo ingekuwa kweli. Wachoraji waliokuja baadaye ndio waliowajaza mabamba watu wake. Na tusisahau kwamba katika Biblia yule Daudi kijana, kabla ya kumkabili Goliathi, alivikwa dirii na chapeo ya Mfalme Sauli, akajaribu kutembea, akavivua kwa kuwa hakuvizoea. Mchoraji anayemchora Daudi akimpiga Goliathi huku amevaa chuma hakusoma ukurasa mpaka mwisho.

Jambo la mwisho linatuhusu hapa hapa kwetu, na hili lilinikera kuliko bati langu. Miezi michache iliyopita ilizunguka kwenye simu za wanafunzi picha ya Mekatilili wa Menza. Amevishwa bamba la kifua lililofinyangwa kufuata umbo la mwanamke, tumbo liko wazi, na mkononi ana upanga mkubwa kuliko yeye. Tukiacha heshima kando, hata kivita picha hiyo haifai. Bamba lenye vilima viwili huiongoza ncha ya mkuki katikati, moja kwa moja kifuani, na tumbo lisilo na kitu ndilo adui angelipenda. Mafundi wa chuma walifanya kifua kiwe mviringo mmoja kama tumbo la mtungi, ili kila kitu kiteleze pembeni.

Lakini kubwa zaidi ni kwamba hayo hayakuwa. Mekatilili amezikwa Bungale, katika Magarini hii hii, na ndugu zake wako miongoni mwetu. Mwaka 1913 alizunguka vijijini akicheza kifudu na kuwaapisha watu wasitoe vijana wao kwa serikali ya Waingereza. Alikamatwa mwaka huo, akapelekwa mbali mpaka Kisii, na mwaka 1914 akatoroka akarudi kwa miguu. Agosti 1914 Waingereza wakalipua Kaya Fungo kwa baruti. Wagiriama walipigana na bunduki wakiwa na nyuta na mishale, na hakuna dirii ambayo ingewasaidia, kwa maana risasi za wakati huo zilikwisha kuyapeleka mabamba ya chuma kwenye majumba ya makumbusho. Bibi yule alivaa hando na shanga. Alisimama mbele ya afisa wa serikali akiwa na hando na shanga. Aliyemchora na chuma amempunguzia ujasiri wake akidhani anamwongezea. Nilimwambia hivyo mwenzetu aliyekuwa akiisambaza ile picha. Akanijibu kwamba mimi nina wivu kwa sababu bati langu lilichekwa. Labda.

Jalada la toleo hili limechorwa upya, kama mlivyoona. Liyongo wetu sasa amejifunga kitambaa kiunoni, podo liko mgongoni, mkoba uko begani, kifua wazi na kitovu kinaonekana, maana bila kitovu hakuna kisa. Ngao ni ya makuti. Tulibishana sana kuhusu rangi ya kitambaa tukaamua kiwe cheupe, kwa kuwa wino wa rangi ni ghali. Mwezi wa saba tutaigiza tena, na ngao ya kweli inasukwa na bibi yangu, ambaye ameshaniuliza mara tatu ni ngao ya nini ilhali hakuna vita.

Lile bati la kifua mjomba amelifanya mlango wa banda la kuku. Chapeo imepinduliwa, kuku wanainywea maji, na kutu imeshaanza kwenye kifuniko.